Grafu ni kijani, watumiaji wanalalamika: vipimo vya hifadhidata vinavyoonyesha tatizo lilipo

Malalamiko karibu yote huja kwa sentensi moja: mfumo unasuasua. Anayefungua dashibodi anakuta prosesa asilimia 35, kumbukumbu inatosha, hoja (maagizo yanayotumwa kwa hifadhidata) 1,800 kwa sekunde, na asilimia 99 ya usomaji inatoka kwenye kache, yaani kumbukumbu badala ya diski. Hakuna hata namba moja kati ya hizo inayomjibu mteja aliyeuliza kwa nini malipo yake yamechukua sekunde sita. Zinaeleza mashine ina shughuli kiasi gani, basi. Mtumiaji anaumizwa na kusubiri, kwa hiyo kipimo chenye maana ni kile kinachosema nani anasubiri, anasubiri nini, na kwa muda gani. Dalili zilizo hapa chini zote zinafuatiliwa kwa maswali hayo matatu.

Mifano ni ya hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la 14 na kuendelea. Pale MySQL 8 inapotofautiana imetajwa.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, andaa mambo manne. Weka `shared_preload_libraries = 'pg_stat_statements'` na uanzishe seva upya, kisha endesha `CREATE EXTENSION pg_stat_statements`; ni nyongeza inayokusanya takwimu za kila aina ya hoja. Washa `track_io_timing`, inayopima muda wa kusoma na kuandika diski, na ambayo kwa kawaida imezimwa. Endesha kwanza `pg_test_timing` kwenye mashine hiyo, maana kwenye baadhi ya mashine pepe kusoma saa ni ghali. Washa `log_lock_waits`, ili kila anayesubiri kufuli (data iliyoshikiliwa na mwingine iachiwe) zaidi ya `deadlock_timeout` (sekunde 1) aandikwe kwenye logi. La nne liko kwenye programu yenyewe: kwa kila kazi inayomgusa mtumiaji, kama kulipa, kuingia au kufungua taarifa ya mwezi, rekodi muda tangu ombi lilipofika hadi jibu lilipotoka. Bila hilo la nne, yote mengine ni kubahatisha.

## Dalili: wastani ni mzuri, lakini watu wanalalamika

Chukua maombi 1,000. 980 yamejibiwa kwa milisekunde 5, na 20 yamechukua sekunde 3. Wastani wake ni karibu milisekunde 65, muda ambao hakuna ombi hata moja lililoupata: mengine yalikuwa haraka mno, mengine mabaya mno. Ukipanga maombi hayo kuanzia la haraka hadi la polepole, la katikati (p50) ni milisekunde 5. p95, yaani muda ambao maombi 95 kati ya 100 hayauzidi, nayo ni milisekunde 5. Tatizo linajitokeza kwenye p99 tu, ambayo ni sekunde 3.

Usidanganyike kwamba mmoja kati ya mia ni wachache. Ukurasa unaotuma hoja 30 kwenye hifadhidata, kila hoja ikiwa na nafasi ya asilimia 1 ya kuangukia kwenye mkia huo, utakwama angalau mara moja katika asilimia 26 ya ufunguaji wake, ikiwa hoja hizo hazitegemeani. Tena mkia huo hauangukii watu ovyo. Mara nyingi unawapata wateja wenye data nyingi, kama duka lenye miamala 200,000, na wala si mteja aliyejisajili jana. Kwa hiyo wanaoumia ndio wanaoleta biashara kubwa.

`pg_stat_statements` haikupi p99. Inakupa wastani, kiwango cha chini, cha juu na mtawanyiko. Hata hivyo mtawanyiko wenyewe ni dalili nzuri: ukiona `mean_exec_time` ya 8 na `stddev_exec_time` ya 140, hoja hiyo moja ina tabia mbili tofauti. Tafuta ni thamani zipi zinazoipeleka upande mbaya. MySQL 8 inakupa p95 na p99 za kila aina ya hoja kwenye `performance_schema.events_statements_summary_by_digest`, safuwima `QUANTILE_95` na `QUANTILE_99`. Namba hizo ni pikosekunde. Gawanya kwa bilioni moja upate milisekunde. Kwa PostgreSQL, p99 ichukue kwenye programu, au weka `log_min_duration_statement = 500` ili kila hoja inayozidi nusu sekunde iandikwe.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kukokotoa wastani wa p99. Seva tano za programu zikikupa p99 tano, wastani wake hauna maana yoyote ya kihesabu. Jumlisha kwanza hesabu za kila kapu la muda (kwa mfano maombi yaliyochukua kati ya sekunde 1 na 2.5) kutoka seva zote tano, kisha ndipo utoe p99 moja. La pili ni mipaka ya makapu hayo. Maktaba nyingi za Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo, huja na mipaka inayoruka kutoka sekunde 1 hadi 2.5, kisha 5, kisha 10. Maombi yote yakichukua sekunde 5.2, Prometheus hukadiria ndani ya kapu la 5 hadi 10 na p99 yake inaweza kusoma karibu na 10. Ongeza mipaka karibu na ahadi uliyowapa watumiaji: kama ahadi ni milisekunde 200, weka makapu ya 150, 200, 250 na 300.

Upo mtego mwingine ambao wengi hawaujui, nao ni hatari kuliko hayo mawili. `pg_stat_statements` huhesabu hoja inapomaliza kazi. Hoja iliyokatishwa kwa kosa au kwa `statement_timeout` (kikomo cha muda wa hoja) haihesabiwi. Matokeo yake, ukiweka `statement_timeout` ya sekunde 5, hoja zako mbaya kuliko zote zinatoweka kwenye takwimu, wastani unashuka, na grafu inaonyesha maendeleo siku ile ile ambayo wateja wameanza kupata ujumbe wa kosa. Hesabu makosa ya kukatishwa (nambari ya kosa 57014) sambamba na muda, kwenye grafu moja. Vilevile, ripoti inayoendelea kwa saa tatu haitaonekana humo hadi iishe. Ya sasa hivi yatafute kwenye `pg_stat_activity`, orodha ya waliounganishwa sasa na wanachofanya.

## Dalili: hoja ni ya haraka kwenye psql, kwenye programu ni nzito

Kwenye psql, dirisha la amri la PostgreSQL, unaendesha `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, inayoonyesha hoja inavyotekelezwa, unaona milisekunde 0.3. Programu inasema ukurasa umechukua sekunde 2.6. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja amepima kitu chake.

Sababu ya kwanza ni safari za mtandao. `EXPLAIN ANALYZE` hupima kazi ya ndani ya seva na haitumi safu kwa mteja. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni takribani kilomita 6,300. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 63, na nyaya za baharini kutoka Mombasa huzunguka, kwa hiyo muda halisi ni mkubwa zaidi. Sasa programu ikiwa Nairobi na hifadhidata ikiwa Frankfurt, ukurasa unaotuma hoja 40 moja baada ya nyingine, kila moja ikitumia milisekunde 0.3 kwenye seva, utakula milisekunde 12 za hifadhidata na zaidi ya sekunde 2.5 za njiani. Hakuna faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji kwenye jedwali) itakayoponya hilo. Kipimo cha kuweka ni idadi ya hoja kwa kila ombi la mtumiaji. Ikiwa inapanda kadiri orodha inavyorefuka (bidhaa 10 hoja 11, bidhaa 50 hoja 51), programu inachukua orodha kisha inauliza kila kitu kimoja kimoja. Unganisha hoja hizo kwa `JOIN` au `WHERE id = ANY(...)`, na uhamishie programu na hifadhidata kwenye kituo kimoja.

Sababu ya pili ni foleni ya kupata muunganisho. Programu ina miunganisho 10 ya pamoja. Ombi la 11 linasubiri nje, na hifadhidata haina habari kwamba kuna anayesubiri. Kwenye upande wa hifadhidata hii huonekana kama utulivu. Karibu kila maktaba inayogawa miunganisho ina kipimo cha muda wa kusubiri muunganisho. Kichore peke yake, usikichanganye na muda wa hoja. Kikiwa juu wakati muda wa hoja uko chini, angalia kwanza nani anashikilia muunganisho bila kuutumia kabla hujaongeza idadi. Kuongeza hadi 500 kwenye seva ya prosesa 8 kunahamisha foleni tu kutoka kwenye programu hadi ndani ya hifadhidata, ambako inaumiza kila mtu.

Sababu ya tatu ni mpango tofauti wa utekelezaji, yaani njia ambayo hifadhidata inachagua kuifikia data. Hoja iliyoandaliwa mapema inaweza, baada ya kuendeshwa mara tano kwa thamani halisi, kupewa mpango wa jumla usioangalia thamani. Wewe kwenye psql umeandika thamani moja kwa moja, ukapata mpango mzuri. Jaribu hivi: `SET plan_cache_mode = force_generic_plan`, kisha `PREPARE` na `EXPLAIN (ANALYZE) EXECUTE`. Ukiuona uzito ule ule wa programu, umempata mhusika.

## Dalili: prosesa imelala, diski imetulia, lakini kila kitu kimekwama

Hii ndiyo dalili inayopoteza saa nyingi kuliko zote, kwa sababu vipimo vya mashine vinaonyesha afya njema. Mashine haina kazi kweli: kazi zote zimesimama zikisubiri kufuli. Endesha hii mara tatu au nne, ukipumzika sekunde chache katikati:

```sql
SELECT pid, state, wait_event_type, wait_event,
       now() - xact_start    AS umri_wa_muamala,
       pg_blocking_pids(pid) AS anazuiwa_na,
       left(query, 60)       AS hoja
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
  AND state <> 'idle'
ORDER BY xact_start;
```

Soma kuanzia juu, kwa mwenye muamala (kundi la hoja linalokamilika kwa `COMMIT`) mzee kuliko wote. Ukiona mistari mingi yenye `wait_event_type` ya `Lock`, fuata safuwima `anazuiwa_na` hadi umfikie mchakato ambao hauzuiwi na yeyote. Huyo ndiye chanzo. Waliobaki ni waathirika, na kuwakatisha hao ni kupoteza muda.

Mara nyingi chanzo kina hali ya `idle in transaction` na `wait_event` ya `ClientRead`. Maana yake hifadhidata imemaliza kazi na inaisubiri programu iseme neno. Kisa cha kawaida kwenye mifumo ya malipo: programu inafungua muamala, inapunguza salio kwa `UPDATE`, halafu kabla ya `COMMIT` inapiga simu kwa mfumo wa nje wa pesa za simu na kungoja jibu. Mfumo wa nje ukichelewa sekunde 8, safu ya salio inafungwa sekunde 8. Kama ni akaunti ya muuzaji mkubwa, kila anayemlipa anapanga foleni nyuma yake: watu kumi wakilipa kwa wakati mmoja, wa mwisho anasubiri zaidi ya dakika. Dawa ni kuvunja kazi hiyo vipande viwili: muamala mfupi wa kuandika ombi likiwa na hali ya "linasubiri", `COMMIT`, kupiga simu nje, kisha muamala mwingine mfupi wa kuandika matokeo. Ongeza `idle_in_transaction_session_timeout`, kwa mfano sekunde 30, iwe kinga.

Chanzo cha pili ni `ALTER TABLE`. Wengi huiona ni salama kwa sababu yenyewe huchukua milisekunde chache. Lakini aina zake nyingi zinahitaji kufuli linalokataa kila mtu, hata wasomaji. Ripoti ndefu ikiwa inasoma jedwali hilo, `ALTER TABLE` inasubiri nyuma ya ripoti, na kila `SELECT` mpya inasubiri nyuma ya `ALTER TABLE`. Jedwali lote limefungwa, na anayelifunga bado hajaanza kazi. Anza mabadiliko yoyote ya muundo kwa `SET lock_timeout = '3s'`, na yakishindwa rudia baadaye.

Kipimo cha kudumu cha hali hii ni wastani wa vipindi (miunganisho ya wateja) vilivyo kazini. Kila sekunde hesabu vipindi vyenye hali ya `active`, ukivigawa kwa `wait_event_type`. Kipindi kilicho `active` bila tukio lolote la kusubiri, kichukulie kuwa kinatumia prosesa au kinaingoja. Jumla ikiwa 480 katika sampuli 60, una vipindi 8 kwa wastani. Kwa seva ya prosesa 4, vipindi 8 visivyo na tukio la kusubiri ni foleni ya prosesa. Vipindi 8 vyenye `Lock` ni kufuli. Vyenye `IO` ni diski. Oracle hufanya sampuli hii yenyewe tangu toleo la 10g, na kwa PostgreSQL kuna nyongeza ya `pg_wait_sampling`. Kwenye MySQL anza na `Threads_running`, si `Threads_connected`: ya pili huhesabu hata waliounganishwa wakakaa kimya. Wanaozuiana wamo kwenye `sys.innodb_lock_waits`. Ukiruhusiwa grafu moja tu kwenye ukuta, chagua hii ya vipindi vilivyo kazini.

## Dalili: kache ni asilimia 99 na bado hoja ni nzito

Uwiano wa kache ni kipimo kinachopendwa na kinachosaidia kidogo mno. Kwanza, kupungua kutoka 99.9 hadi 99 kunaonekana si kitu, kumbe usomaji wa nje ya kache umeongezeka mara kumi. Pili, PostgreSQL huhesabu `blks_read` kila inapokosa bloku (kipande cha data) kwenye `shared_buffers`, kache yake yenyewe, hata kama mfumo endeshi ulikuwa nayo kwenye kumbukumbu, hivyo namba hiyo si diski halisi. Tatu, na ndilo kubwa, hoja mbaya huupandisha uwiano. Hoja inayopitia bloku zile zile mara milioni ndani ya mzunguko itapata karibu asilimia 100, na itachoma prosesa muda wote huo.

Angalia badala yake bloku kwa kila wito, ukilinganisha na safu zilizorudi:

```sql
SELECT left(query, 60) AS hoja, calls,
       (shared_blks_hit + shared_blks_read) / calls AS bloku_kwa_wito,
       rows / calls AS safu_kwa_wito
FROM pg_stat_statements
WHERE calls > 100
ORDER BY shared_blks_hit + shared_blks_read DESC
LIMIT 15;
```

Bloku ni kilobaiti 8. Hoja inayogusa bloku 120,000 ili irudishe safu 20 imepitia karibu megabaiti 980 kwa kila wito. Hata zote zikiwa kwenye kache, hapo pana faharasa inayokosekana, au faharasa ipo lakini safuwima zake zimepangwa kwa mfuatano usiofaa. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakibadiliki kwa sababu seva ya majaribio ina diski ya haraka kuliko ya kazini. Idadi ya bloku ni ile ile, mradi data na mpango ni vile vile, hivyo unaweza kulinganisha kabla na baada ya marekebisho bila kubishana na kelele za mashine.

Ukitaka kujua diski halisi, `track_io_timing` inajaza muda wa kusoma kwa milisekunde (`blk_read_time`, kuanzia toleo la 17 jina ni `shared_blk_read_time`). Angalia pia `temp_blks_written`. Ikiwa si sifuri, upangaji au uunganishaji umezidi `work_mem`, ambayo kwa kawaida ni megabaiti 4 tu, ukamwagikia kwenye diski. Usiipandishe kwa seva nzima kwa pupa: hoja moja inaweza kutumia kiasi hicho mara kadhaa, na miunganisho 100 ikifanya hivyo pamoja kumbukumbu inaisha. Ipandishe kwa mtumiaji wa ripoti peke yake kwa `ALTER ROLE`.

## Dalili: kila baada ya dakika chache mfumo unashtuka

Ukipima kwa wastani wa dakika moja, mkwamo wa sekunde 6 unakuwa asilimia 10 tu ya dakika hiyo na unapotea kwenye mstari. Pima kila sekunde 5 au 10 kwa muda wa saa moja, kisha tazama mrudio.

Mrudio wa dakika 5 unaelekeza kwenye chekipointi (hifadhidata inapoandika kwenye diski mabadiliko yaliyo kwenye kumbukumbu), kwani `checkpoint_timeout` huanzia hapo. Mrudio mfupi zaidi, usio na saa maalumu, wakati wa kuandika kwa wingi, unaelekeza kwenye `max_wal_size` ndogo (huanzia gigabaiti 1) inayolazimisha chekipointi kabla ya wakati. Linganisha zilizokuja kwa saa na zilizolazimishwa: `checkpoints_timed` na `checkpoints_req` kwenye `pg_stat_bgwriter`, au `num_timed` na `num_requested` kwenye `pg_stat_checkpointer` kuanzia toleo la 17. Zilizolazimishwa zikiwa nyingi, ongeza `max_wal_size`. Kumbuka pia kwamba baada ya kila chekipointi, bloku inayoguswa mara ya kwanza huandikwa nzima kwenye WAL (logi ya mabadiliko), ndiyo maana chekipointi za karibu karibu huongeza uandishi zaidi ya unavyotarajia.

Mshtuko unaokuja mara moja kwa siku na kudumu hadi kazi iishe ni kitu kingine. Kwenye AWS, huduma ya wingu ya Amazon, diski za aina ya gp2 hupata operesheni 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti, na zinaruhusiwa kupanda hadi 3,000 kwa kutumia akiba. Diski ya gigabaiti 100 ina haki ya kudumu ya 300 tu. Akiba iliyojaa huisha baada ya dakika kama 33 za kazi ya 3,000, kisha kasi inashuka hadi moja ya kumi. Kazi ya usiku iliyokuwa ikimalizika kwa dakika 30 ikikua kidogo hadi 40, dakika za mwisho zinageuka saa. Kipimo cha kuangalia ni `BurstBalance`, asilimia ya akiba iliyobaki.

Kuhusu `%util` ya `iostat`, zana ya kupima diski: inasema diski ilikuwa na angalau ombi moja kwa asilimia ngapi ya muda. SSD na safu za diski huhudumia maombi mengi kwa pamoja, kwa hiyo 100 haina maana ya kujaa. Soma `r_await` na `w_await` (muda wa kusubiri kusoma na kuandika) na `aqu-sz` (urefu wa foleni).

## Dalili: majaribio yalionyesha miamala 4,000 kwa sekunde, kazini seva inaelemewa na 1,500

Kwanza angalia namba hiyo ilivyopatikana. `pgbench`, zana ya PostgreSQL ya kupima uwezo, kwa kawaida humfanya kila mteja asubiri jibu ndipo atume ombi linalofuata. Wateja 16 wenye majibu ya milisekunde 4 watatoa miamala 4,000 kwa sekunde. Ni hesabu ya John Little ya mwaka 1961: walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Seva ikiganda sekunde 10, wateja 16 wanasimama nayo, na majaribio yanarekodi majibu mabaya 16 tu. Kazini watu hawasimami. Kwa kasi ile ile, maombi 40,000 yangekuwa yamefika ndani ya hizo sekunde 10, na yote yangesubiri. Mhandisi Gil Tene ndiye aliyeisisitiza sana kasoro hii ya upimaji, na bado ripoti nyingi za majaribio zinayo.

Weka kasi ya kuingia isiyotegemea majibu:

```
pgbench -i -s 2000 majaribio
pgbench -c 32 -j 4 -T 1800 -R 1500 -L 200 -P 10 -r majaribio
```

`-R 1500` inapanga miamala 1,500 kwa sekunde, na muda unahesabiwa tangu muamala ulipopaswa kuanza. `-L 200` inahesabu inayozidi milisekunde 200, na ile iliyochelewa kupita kiasi hicho kabla haijaanza inaandikwa kuwa imerukwa. Panda 1,500, 2,000, 2,500 hadi p99 ivunje ahadi yako; kiwango kabla ya hapo ndicho uwezo wa seva. `-s 2000` inaunda data ya takribani gigabaiti 30. Data ikitoshea yote kwenye kumbukumbu wakati ya kazini haitoshei, umepima kumbukumbu peke yake. Na `-s` ikiwa ndogo kuliko idadi ya wateja, wanagombania safu chache za `pgbench_branches` na unapima kufuli. Dakika 30 ni muda wa kutosha chekipointi kadhaa zipite. Majaribio ya sekunde 60 huishia kabla shida haijafika.

Hoja za `pgbench` za kawaida hazifanani na zako. Ukishazoea zana, andika faili la hoja zako kumi zinazochukua muda mwingi zaidi kwenye `total_exec_time` na uliendeshe kwa `-f`, pamoja na `-n`.

## Dalili: nakala inaonekana imechelewa, kumbe haikuchelewa

Kwenye nakala (seva ya pili inayofuata maandishi ya seva kuu), kipimo cha `now() - pg_last_xact_replay_timestamp()` kinaongezeka usiku kwa sababu hakuna anayeandika. Pima baiti kwenye seva kuu: `pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), replay_lsn)` kutoka `pg_stat_replication`. Ikiwa sifuri, hakuna ucheleweshaji, hata kama saa inasema dakika 40.

## Dalili: kengele inalia usiku na hakuna tatizo

Prosesa asilimia 90 wakati wa ripoti ya usiku si tatizo, ni matumizi ya mashine uliyolipia. Toa kengele hiyo. Anayeamshwa bure mara kadhaa atanyamazisha simu, na ile ya kweli itapita. Kengele za kumwamsha mtu zitokane na p99 ya kazi zinazomgusa mtumiaji ikizidi ahadi kwa dakika 5 mfululizo, na idadi ya makosa. Ongeza vitu vichache ambavyo havionekani kwenye muda wa majibu hadi siku vinapoangusha mfumo: muda uliobaki kabla diski haijajaa kwa kasi ya sasa (asilimia 80 ya diski ya terabaiti 4 na ya gigabaiti 40 ni mambo mawili tofauti), muamala wenye umri unaozidi saa moja, na `max(age(datfrozenxid))` kutoka `pg_database`, yaani miamala mingapi imepita tangu nambari za zamani za miamala zilipogandishwa. Autovacuum, kazi ya usafi inayojiendesha yenyewe, huanza kazi ya lazima ya kugandisha umri wa jedwali ukifika miamala milioni 200, kwa hiyo weka kengele kwenye milioni 500. Ukifika huko, kazi hiyo inazuiwa na kitu fulani: muamala uliosahaulika, nafasi ya nakala isiyotumika kwenye `pg_replication_slots`, au muamala ulioachwa kwenye `pg_prepared_xacts`. Vikague kwa mpangilio huo, na uondoe kinachozuia mapema, kwa sababu hesabu ikikaribia bilioni 2 PostgreSQL hukataa miamala yote mipya ya kuandika.